Karti ya hospitali ikibadilika, nani anatuambia?

Kila mwisho wa mwaka, mu mabiro ya sosiete za mine za hapa Likasi, za Kambove na kandokando, watu wawili wanakaa mezani. Mmoja ni mkubwa wa kazi ama mtu wake wa personeli. Mwingine ni mtu wa asiransi. Wanasoma makaratasi ya Kifaransa, wanabishana juu ya bei, wanasainia. Kisha mmoja anarudia Lubumbashi, mwingine anarudia ku biro yake. Mara nyingi ni tangu tarehe 1 Januari ndipo karti tunayobeba mfukoni inakuwa karti nyingine, hata kama rangi ni ile ile na picha ni ile ile. Na hakuna hata mmoja wa wale wawili atakayesimama saa nane za usiku mbele ya dirisha la kulipia, na mtoto mwenye homa mgongoni.

Sisi tunasema hivi: yule ajenti anayefikiri mteja wake ni mwenye kusainia tu, anafanya nusu ya kazi. Nusu ile nyingine iko Kikula, iko Panda, iko Shituru, mu nyumba ambamo karti inalala kwa kabati pamoja na vitambulisho vya kura na vyeti vya masomo. Kule hakuna mtu anayefika.

Wazee wetu hawakujua taabu hii. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga hospitali zake pamoja na makambi ya watumikaji, tangu mji huu ungali unaitwa Jadotville. Gécamines iliporithi kazi ile kisha serikali kutwaa mine mwaka 1967, iliendelea vile vile. Mtoto akigonjwa, mama alitaja matrikili ya baba, wakamwandika, munganga akamwona. Hakukuwa «plafond», hakukuwa mwaka mpya wa karti. Hatusemi mambo yote yalikuwa mazuri. Katika miaka ya 1990 watu walilala mu vitanda vya hospitali zile zile wakitumwa kununua sindano na serumu inje. Mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile mpango wa kuondoka kwa hiari, na pamoja na kazi wakaacha mlango wa hospitali. Lakini vijana waliokulia mu nyumba zile wamebaki na wazo moja: kazi ya mine inakuja na munganga, basi. Ndiyo sababu wakipewa karti ya asiransi hawaulizi kitu. Wanafikiri ni matrikili ya baba kwa sura mpya.

Si ile. Asiransi ya magonjwa ni kitu kigeni kwetu. Tangu 1966 nchi nzima ilikuwa na SONAS peke yake, na wengi tuliijua kwa ajili ya magari. Sheria ya asiransi ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua soko, ikaweka ARCA ichunge kazi hiyo, na sosiete za kwanza za watu binafsi zilipata ruhusa mwaka 2019. Hesabu mwenyewe: mtu aliyeingia mine akiwa na miaka 25 mwaka 2010 alikwisha kuwa na bibi na watoto kabla ajenti wa kwanza hajapiga hodi. Tumepewa karti pasipo kufundishwa. Na kila mwaka karti inabadilika.

Tunajua mama mmoja wa Kikula ambaye kwa Desemba alipeleka mtoto ku hospitali moja, akapokelewa vizuri, akarudi na dawa. Januari, mtoto yule yule, hospitali ile ile, karti ile ile. Wakamwambia: «Mama, hii karti haitumike tena huku.» Hospitali ilikuwa imetoka kwa liste ya asiransi. Alilala na mtoto kwa bangi mpaka bwana yake alipotoka poste ya usiku, wakakopa franga kwa jirani. Liste mpya ilikuwa imebandikwa, ndiyo, kwa ukuta wa biro ya personeli, ndani ya uzio wa sosiete, pahali mama yule hana ruhusa ya kuingia. Alituambia neno ambalo tunaliandika kama alivyolisema: «Beko banasainia kule ku biro, shiye njo tunaona mateso ku lopitali.»

Na angalieni wakati wenyewe. Mwaka wa karti unaanza Januari, katikati ya masika, mbu wakiwa wengi, malaria ikiwa inalaza watoto karibu kila parsele. Ni mwezi ambamo franga za mwezi wa kumi na mbili zimekwisha kwa sikukuu na zile za masomo zinadaiwa. Hakuna mwezi mbaya zaidi wa kujifunza mambo mapya mbele ya dirisha la kulipia.

Tuingie sasa mu karatasi yenyewe, kwani hapo ndipo kazi ya ajenti iko. Tumeona makaratasi kadhaa ambayo wasomaji walitufikishia. Maneno yanayoumiza si mengi, ni matano ama sita, na yote yanaweza kufasiriwa kwa Kiswahili cha hapa nyumbani.

«Plafond» ni mwisho wa franga ambazo asiransi italipa kwa mwaka. Ikifika pale, inasimama. Tufanye mfano. Mwaka jana karatasi ilisema plafond ni dola 2,000 «par personne». Mwaka huu inasema dola 2,000 «par famille». Neno moja tu limebadilika, na macho yanaona 2,000 ni ile ile 2,000. Lakini mu nyumba ya watu 8, ulinzi wa dola 16,000 umekuwa wa dola 2,000. Baba akipasuliwa ngiri mwezi wa pili, bili ikala 900, basi yeye na wale wengine 7 wamebakiza 1,100 mpaka Desemba. Ajenti anayekuja kusema «plafond haikubadilika» hakusema uongo kwa hesabu yake. Kwa hesabu ya mama wa nyumba amesema uongo mkubwa.

«Ticket modérateur» si tiketi ya bisi. Ni sehemu ya bili ambayo mgonjwa analipa yeye mwenyewe. Ikiwa ilikuwa 10 kwa mia na sasa ni 20 kwa mia, bili ya franga 150,000 ambayo ulikuwa unalipia 15,000, sasa utalipia 30,000. Ajenti aseme vile, kwa franga, asiseme kwa mia. Sokoni hakuna mtu anayenunua unga kwa kwa-mia.

«Délai de carence» ni wakati wa kungojea: umeandikwa, mchango unalipwa, lakini kwa miezi fulani asiransi haijaanza kukulipia. Unaumiza zaidi bibi mpya na mimba. Kijana akioa mwezi wa tatu na kuandikisha bibi wa nne, afasiriwe siku ile ile kama kuzala kutalipiwa ama hapana. Vilevile mtoto mchanga: mara nyingi haingii kwa karti mpaka cheti cha kuzaliwa kifike ku asiransi. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto ku eta-sivil. Wengi wanangojea mpaka mwisho wa siku zile, na mtoto anagonjwa mbele. Ajenti mwenye akili angepitia nyumba za mama wenye mimba kwanza, na neno moja tu: andikisheni mtoto juma lile lile.

«Exclusions» ni liste ya vitu ambavyo haitalipa hata kidogo: miwani, meno, pengine dawa za kila siku za sukari na tansioni. Liste hii ndiyo inayorefuka kimyakimya mwaka kwa mwaka. Bei ya mchango ikibaki pale pale mwaka wa tatu mfululizo, na hospitali zimepandisha bei zao, ujue kuna kitu kimetolewa mahali. Ajenti anajua ni kitu gani. Aanze nacho.

Tunarudia hili, juu maajenti wengi tuliowasikia wanaanza na habari njema: nambari mpya ya telefoni, karti ya plastiki nzuri zaidi, kliniki mpya kule Lubumbashi. Watu wanapiga makofi, wanaenda. Habari mbaya inabaki mu ukurasa wa tano. Aanze na kilichotolewa, kisha kilichopunguzwa, kisha kilichoongezwa. Na akisha kufasiria asiulize «mmeelewa?», kwani mbele ya wakubwa kila mtu ataitika ndiyo. Aulize hivi: «Mama, mtoto akigonjwa usiku wa leo, utampeleka wapi, utabeba karatasi gani, utalipa ngapi?» Akijibu barabara, kazi imekwisha. Akikosa, ajenti ndiye aliyefasiria vibaya, arudie.

Kuna jambo lingine ambalo ajenti hapendi kulisema, na mkubwa wa kazi hapendi lisemwe. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwamuru mwajiri atoe matunzo ya munganga, ya upasuaji, ya meno, ya dawa na ya hospitali kwa mtumikaji na kwa familia yake, mpaka mwisho wa mkataba wa kazi. Sheria haikusema «mpaka plafond». Asiransi ni njia ambayo mwajiri amechagua ili atimize deni lake. Ni mkataba kati yake na sosiete ya asiransi. Ikifika mwisho wa dola zake, mkataba ule ndio umefika mwisho, deni la mwajiri bado liko. Kwa hiyo plafond ikiisha mwezi wa nane, mtumikaji asirudi nyumbani kuuza friji. Apitie kwa delege wa sendika, na delege aende kwa personeli na sheria mkononi. Tunaomba ajenti aseme sentensi hiyo moja kwa kila mkutano. Haimgharimu kitu, na mwajiri mwenye haki hataudhika.

Tena kuna mlango wa CNSS. Jiwe likikuangukia ku kazi, asidi ikikuunguza Shituru, ama mapafu yakiharibika kwa vumbi la kazi, hiyo si kazi ya karti ya asiransi. Ni ajali ya kazi ama ugonjwa wa kazi, na mwajiri anapaswa kuujulisha CNSS. Tunasikia watu waliotibiwa ajali ya kazi kwa karti, kimya, na plafond ya familia ikaliwa na mguu uliovunjikia mu mine. Hiyo ni kumlipisha mtoto deni la sosiete. Ajenti anaona bili zile mbele ya watu wote. Angeweza kuwa wa kwanza kusema: hii haipite huku.

Maajenti nao wana majibu yao, tuwasikilize. Wanasema personeli ndiye anayetulipa, na ndiye anayetukataza kuingia mu kambi. Wanasema karatasi ya haki mbele ya tribinali ni ile ya Kifaransa, tukiandika Kiswahili tutashtakiwa kwa neno moja. Wanasema watu wenyewe hawaji ku mikutano, na wakija wanauliza tu ni ngapi zitakatwa kwa mshahara.

Kwa lile la kwanza: mpelekaji wa asiransi anapata sehemu yake kila mwaka mkataba unaporudishwa. Akilipwa kila mwaka, afasirie kila mwaka. Ila watumikaji nao wajue kumwuliza mtu huyu: wewe uko wa nani? Kwani yuko ajenti anayesimama kwa jina la sosiete ya asiransi, na yuko kurtie, ambaye kazi yake ni kumtafutia mteja mkataba unaomfaa. Wote wawili wanavaa shati nyeupe, lakini hawasemi kwa mdomo mmoja. Kwa lile la pili: hakuna anayeomba mkataba utafsiriwe wote. Tunaomba ukurasa mmoja, safu mbili, mwaka jana na mwaka huu, na chini yake iandikwe kwamba karatasi ya Kifaransa ndiyo inayohukumu. Hakuna juji atakayemfunga mtu kwa kuandika «mbele ulilipa 15,000, sasa utalipa 30,000». Kwa lile la tatu, tunakubali kidogo. Lakini mkutano unaoitwa saa nane za mchana siku ya kazi, watu wa poste ya asubuhi wakiwa wamechoka na wa poste ya mchana wakiwa mu bisi, unamwitia nani?

Tena mkutano wa wanaume peke yao hautoshi. Baba ndiye mwenye matrikili, mama ndiye anayebeba mtoto. Tumesikia wanaume waliokaa saa mbili wakisikiliza, na nyumbani wakasema tu «karti iko sawa». Juma la pili jioni, kwa sale ya parokia ama ya kanisa lolote la kartie, bamama wakiwepo na madaftari yao ya likelemba, utaona maswali yanavyotoka. Wale wanaohesabu likelemba ya watu ishirini bila karatasi, plafond haitawashinda.

Tusifikiri ni sisi peke yetu, wala tusifikiri haiwezekani. Kenya ilibadilisha kasha lake lote la afya tarehe 1 Oktoba 2024, kutoka NHIF kuja SHA, na watu wengi walijulia mabadiliko kwenye hospitali. Tanzania, tarehe 1 Machi 2024, hospitali nyingi za watu binafsi zilisimamisha kupokea karti za NHIF sababu ya kitabu kipya cha bei, wagonjwa wakiwa tayari kwa mstari. Lakini hapa hapa inchini kwetu kuna Bwamanda, kule Ubangi. Mwaka 1986 hospitali ya kule ilianzisha mfuko: mwanamemba akilazwa, mfuko unalipa 80 kwa mia ya bili, yeye 20. Mchango ulikatwa mara moja kwa mwaka, na waliuweka wakati ambamo wakulima wamekwisha kuuza mavuno na franga ziko mkononi. Zaire ilikuwa inaanguka bei kila siku, kwa hiyo mchango ulibidi kupandishwa mwaka kwa mwaka. Nani aliwafasiria watu? Enfirmie wa senta ya afya ya kijiji, yule aliyewapima watoto wao, naye ndiye aliyepokea mchango. Mtu akikasirika juu ya bei, alijua nyumba ya kwenda kukasirikia. Watu wakaendelea kujiandikisha mu nyakati ngumu zile. Maajenti wetu wa leo wana telefoni na magari, lakini ni wangapi ambao mama wa Kikula anajua nyumba zao?

Ajenti afasirie pia kwa nini bei inapanda, na hapa aseme ukweli wote hata kama unatuuma. Wako wanaoazimisha karti kwa mtoto wa dada, kwa mpangaji, kwa mtu wa kanisa. Huruma tunaielewa, kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto. Lakini bili ile inaandikwa, mwisho wa mwaka inajumlishwa, na asiransi inarudi mezani ikisema familia hizi zinakula sana. Ndipo «par personne» inageuka «par famille». Mtu akifasiriwa hivyo kwa hesabu ya kartie yake, si kwa kutishwa na polisi, atafikiri mara mbili. Na kama yuko mtoto wa ndugu ambaye analelewa kweli mu nyumba, ajenti aonyeshe karatasi gani zinahitajika ili aingie kwa haki.

Watumikaji wa zile sosiete ndogo za «sous-traitance» wana mateso yao zaidi: mkataba wa kazi ni wa miezi, karti inakufa pamoja nao, na mwezi unaofuata wako kwa mwajiri mwingine na asiransi nyingine, wakati jengo la kazi ni lile lile. Kwao kufasiria kwa mwaka hakutoshi, kunatakiwa kila mkataba. Ndugu zetu creuseurs hawana hata karti ya kubadilishwa; kwao iko sheria ya mituweli ya tarehe 8 Februari 2017, na jambo lile linataka ukurasa wake peke yake.

Kwa sasa, madelege wa sendika wana kazi karibu. Mazungumzo ya mikataba yanaanza mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Kabla mkubwa wa kazi hajasainia, delege aombe ukurasa ule wa safu mbili, kwa Kiswahili, pamoja na liste ya hospitali, nambari inayoitika usiku, na jina la mtu mmoja wa asiransi aliyeko Likasi, si Lubumbashi. Aombe ufike mbele ya tarehe 15 Desemba, juu kisha pale watu wanasafiri kwa sikukuu. Na aombe nakala za kutosha, moja kwa kila nyumba, zisiishie kwa ukuta wa personeli.